Shahada za kompyuta: binti wa PCM achague ipi kati ya hizi nne?

MamaMwanga_Kigoma:

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo habari za kazi. Mimi ni mzazi, na pia ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma Ujiji. Masomo yangu ni Kiswahili na Maarifa ya Jamii, kwa hiyo katika jambo hili ninahitaji kushikwa mkono na waliolisomea.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita tahasusi ya PCM, na amepata B ya Hisabati ya Juu, C ya Fizikia na D ya Kemia. Kwa miaka mingi msimamo wake umekuwa mmoja, kwamba atasomea kompyuta. Tulipofungua mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ndipo tulipogundua kuwa neno hilo moja limegawanyika katika shahada nyingi ambazo kwangu zinafanana. Yeye amezichuja hadi zikabaki nne: Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Kompyuta, Uhandisi wa Programu, na TEHAMA pamoja na Menejimenti. Mjomba wake anasisitiza uhandisi kwa sababu una heshima na una bodi yake. Jirani yetu anasema tuchukue TEHAMA kwa kuwa halmashauri ndiko kwenye ajira. Mwalimu wake wa hisabati anasema Sayansi ya Kompyuta, bila kutoa sababu iliyonitosha.

Nieleze jambo moja ambalo huenda likawasaidia kumfahamu. Alipokuwa likizo alimtengenezea shangazi yake, anayeuza dagaa jumla pale mwalo wa Kibirizi, programu ndogo ya kuweka kumbukumbu za wateja wanaokopa, akitumia kompyuta mpakato kuukuu ya mjomba. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba shangazi ana wateja wawili wenye jina lile lile, na madeni yao yakawa yanachanganyika. Aliifumua kazi yote akaanza upya, safari hii kila mteja akitambuliwa kwa namba yake ya simu.

Naomba kujua tofauti halisi ya shahada hizi, muda wake, na kama kweli jina la shahada linaweza kumfungia mtu mlango wa ajira. Nina wadogo zake wawili ambao bado wako sekondari, hivyo mwaka mmoja wa ziada chuoni si jambo dogo kwetu.

---

Isevya_Mkufunzi:

Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa matokeo ya binti. Mimi ni mwenyeji wa Tabora, na kazi yangu ni kufundisha masomo ya kompyuta ngazi ya stashahada na shahada, hivyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Mgawanyiko huu unaokuchanganya haukubuniwa na vyuo vyetu. Chama cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani, ACM, kilitoa mwongozo wa mtaala wa Sayansi ya Kompyuta mwaka 1968, wakati ambapo somo lenyewe lilikuwa bado linajitenga na idara za hisabati na uhandisi wa umeme. Kufikia ripoti ya mwaka 2005, ambayo ACM iliitoa pamoja na taasisi nyingine za fani hiyo, zilihesabiwa fani tano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya taarifa, teknolojia ya habari, na uhandisi wa programu. Ripoti ya mwaka 2020 ikaongeza usalama wa mtandao na sayansi ya data. Vyuo vyetu huchukua fani hizo, vikazichanganya na kuzipa majina kulingana na walimu na maabara vilizonazo, na ndiyo maana shahada mbili zenye jina moja katika vyuo viwili zinaweza kutofautiana kuliko shahada mbili zenye majina tofauti katika chuo kimoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousimamia kuliko mwingine wowote, ni kwamba msichague jina. Chagueni orodha ya masomo. Kila chuo huchapisha orodha ya masomo ya kila muhula katika tovuti yake au katika kitabu cha mwongozo wa wanafunzi. Keti na binti, muwe na orodha za shahada zote nne, kisha muangalie ni nini kinachojaza mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza hausemi mengi, kwa kuwa karibu wote husoma misingi ya kuandika programu, hisabati na stadi za mawasiliano. Mwaka wa pili ndio unaoonyesha shahada inaelekea wapi.

Mkikuta nadharia ya saketi (mizunguko ya umeme), elektroniki, mantiki ya kidijitali, mawimbi na vichakataji vidogo, huo ni Uhandisi wa Kompyuta, na mwanafunzi atashinda maabara akiwa na nyaya na mita ya umeme. Mkikuta miundo ya data, algorithimu (hatua za kutatua tatizo kwa mpangilio), hisabati ya vitu tengani (vinavyohesabika kimoja kimoja), mifumo endeshi na nadharia ya ukokotoaji, hiyo ni Sayansi ya Kompyuta, na hapo kuna kuthibitisha mambo kwa kalamu na karatasi kwa kiasi ambacho huwashangaza wengi waliodhani watakuwa mbele ya kioo muda wote. Uhandisi wa Programu hushirikiana na Sayansi ya Kompyuta katika misingi, lakini hutumia muda mwingi zaidi katika kukusanya mahitaji ya watumiaji, usanifu, upimaji, na utunzaji wa programu kubwa zinazoandikwa na watu wengi kwa pamoja. TEHAMA pamoja na Menejimenti itakuwa na uhasibu, uongozi wa taasisi, uchambuzi wa mifumo na kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu zilizopangwa kwenye kompyuta), na hisabati yake huwa nyepesi zaidi.

Sasa kuhusu kisa cha wateja wawili wenye jina moja. Mwalimu, tatizo hilo ndilo ninaloanza nalo ninapofundisha usanifu wa kanzidata: kila kumbukumbu lazima iwe na kitu kimoja kinachoitambulisha peke yake, na jina la mtu halifai kwa kazi hiyo. Binti amelifikia mwenyewe kwa kuona madeni yanagongana. Ningependa kujua jambo moja zaidi kabla sijasema achague nini: je, raha yake ilikuwa katika kuandika programu yenyewe, au katika kumhoji shangazi jinsi biashara inavyokwenda?

---

AfisaMifumo_Urambo:

Ninamuunga mkono mkufunzi kuhusu orodha ya masomo, ila nitaongeza upande wa ajira kwa kuwa ndiko niliko. Mimi ni Afisa TEHAMA katika halmashauri mojawapo ya mkoa wa Tabora.

Mama, kuhusu jina la shahada kumfungia mtu mlango, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi ya Afisa TEHAMA kwa kawaida hutaja shahada ya Sayansi ya Kompyuta, TEHAMA, Uhandisi wa Kompyuta au fani nyingine zinazolingana na hizo. Maana yake ni kwamba hapo mlangoni wote wanne wanaingia. Kinachowatenganisha ni usaili, kwa sababu nafasi zenyewe hutangazwa kwa mgawanyo: kuna anayetafutwa kwa ajili ya kutengeneza programu, kuna wa mitandao, kuna wa kanzidata, na kuna wa usalama wa mifumo. Mtu aliyehitimu bila kujua yuko upande upi hukwama kwenye maswali ya vitendo hata kama cheti chake kinang'aa.

Nitatoa mfano wa huku kwetu kwenye tumbaku ili mzazi aone fani hizi zinapokutana. Siku ya soko, mkulima analeta mitumba yake kwenye chama cha msingi. Kila mtumba unapimwa uzito, mteuzi anaupa daraja, na bei inategemea daraja hilo. Kisha kwenye malipo ya mkulima hukatwa deni la mbolea na pembejeo alizokopeshwa kupitia chama, na kinachobaki kinakwenda benki. Sasa fikiria kwamba unataka mlolongo huo wote uingie kwenye mfumo wa kompyuta. Mzani unaotuma uzito wenyewe moja kwa moja bila karani kuandika kwa mkono ni kazi ya mtu wa uhandisi wa kompyuta. Programu inayopokea uzito na daraja, ikakokotoa malipo ya mamia ya wakulima bila kukosea na bila kupoteza kumbukumbu umeme unapokatika katikati ya kazi, hiyo ni ya watu wa sayansi ya kompyuta na uhandisi wa programu. Lakini kuna swali ambalo halina waya wala msimbo ndani yake: ikiwa mkulima amepinga daraja alilopewa, kumbukumbu ya kwanza inafutwa au inabaki? Nani ana ruhusa ya kubadilisha? Mkulima aliyefariki katikati ya msimu, deni lake linasomekaje? Maswali hayo ni ya mtu wa mifumo ya taarifa, fani iliyo karibu na TEHAMA na Menejimenti, na nimeshuhudia mfumo uliotengenezwa vizuri kabisa kiufundi ukiachwa kutumika kwa sababu hakuna aliyekaa na makarani kuuliza maswali hayo. Watu walirudi kwenye daftari.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoitazama TEHAMA na Menejimenti kama shahada ya walioshindwa hisabati. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye B ya Hisabati ya Juu, nisingependa aiache hisabati mapema, kwa kuwa aliyesoma Sayansi ya Kompyuta anaweza kujifunza mambo ya menejimenti akiwa kazini, ilhali ni wachache sana ninaowafahamu waliorudi kujifunza algorithimu wakiwa na kazi na familia.

---

Mhandisi_wa_Kasulu:

Naomba nimtetee mjomba kidogo, kwa sababu hoja yake ina uzito ingawa ameieleza kwa neno la heshima tu.

Mhitimu wa Uhandisi wa Kompyuta anaweza kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha akapitia mpango wa mafunzo kazini wa bodi hiyo ambao huchukua miaka 3 chini ya usimamizi wa wahandisi waliosajiliwa, na baadaye akaomba kusajiliwa kama mhandisi kamili. Kwa mtu anayetaka kufanya kazi kwenye minara ya simu, mkongo wa taifa wa mawasiliano, mitambo ya umeme au viwandani, usajili huo ni jambo la lazima, si mapambo. Mhitimu wa Sayansi ya Kompyuta hana njia hiyo. Kwa upande wake ipo Tume ya TEHAMA, ambayo husajili wataalamu wa TEHAMA, lakini usajili huo ni wa aina nyingine.

Pamoja na hayo, lazima niseme ukweli kuhusu gharama. Uhandisi ni miaka 4, wakati Sayansi ya Kompyuta katika vyuo vyetu vingi ni miaka 3. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kinazo zote mbili chini ya ndaki yake ya TEHAMA iliyoko Kijitonyama, na tofauti hiyo ya mwaka ipo. Hata akipata mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwaka wa nne unaongeza deni, na marejesho kwa mwajiriwa ni makato ya asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Kwa familia yenye watoto wengine wawili sekondari hilo ni la kupigiwa hesabu mezani, na mtoto mwenyewe akiwepo.

Tena aulizwe kuhusu Fizikia. C yake inatosha kudahiliwa, lakini je, ilikuwa C ya mtu anayependa sura za umeme na elektroniki akaangushwa na mekanika, au C ya mtu aliyezivumilia zote? Kama ni huyo wa pili, miaka 4 ya saketi itamchosha, na heshima ya jina la mhandisi haitamsaidia usiku wa kuamkia mtihani.

---

MamaMwanga_Kigoma:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimemsomea majibu yenu yote, na baadhi aliomba nirudie.

Kwa mkufunzi: nilimuuliza swali lako naye akafikiri kwa muda. Alisema alipenda zaidi pale alipokuwa akijaribu kufanya programu isikosee, hasa mteja anapolipa sehemu ya deni kisha akachukua mzigo mwingine siku hiyo hiyo. Kumhoji shangazi kulimchosha mwanzoni, kwa sababu shangazi alikuwa akijibu "unaandika tu", lakini aligundua kwamba asipouliza anakosea. Kwa mhandisi: Fizikia aliivumilia. Umeme hakuuchukia, ila maabara hakuwahi kuzitamani, na amesema wazi kwamba saketi hataki. Mjomba ameelezwa, naye amelipokea kwa moyo mkunjufu kuliko nilivyotarajia.

Yamebaki maswali mawili. La kwanza, anaogopa kwamba wenzake wa mjini watakuwa wametumia kompyuta kwa miaka mingi naye ataachwa nyuma. La pili linanihusu mimi: tunasikia kwamba akili mnemba sasa inaandika programu yenyewe. Je, si tunampeleka mtoto kusomea kazi inayokwisha?

---

Binti_wa_Mwandiga:

Shikamoo Mama. Mimi ni mtoto wa huko huko Kigoma, niko mwaka wa mwisho wa Sayansi ya Kompyuta, kwa hiyo la kwanza naomba nilijibu mimi.

Mwambie mdogo wangu asiogope. Wiki za mwanzo ni kweli utaona wenzako wanachapa kwa kasi na wanataja majina ya lugha za programu ambazo hujawahi kuzisikia. Kasi hiyo inapungua thamani mara tu mnapofika kwenye miundo ya data na hisabati ya vitu tengani, kwa sababu huko wote mnaanza pamoja, na aliyezoea kukaa na swali moja la hisabati jioni nzima anasonga vizuri. Katika darasa letu walioacha au kurudia masomo wengi wao walikwama kwenye hisabati, si kwenye kuchapa. Yeye ana B, na ameshawahi kubomoa kazi yake mwenyewe ili airekebishe. Wengi wetu hatukuwa na hilo.

Atumie miezi hii kabla chuo hakijafunguliwa kujifunza lugha moja tu kwa undani, Python au C, kwa kompyuta hiyo hiyo ya mjomba. Python inapakuliwa bure, na ikishakuwa kwenye mashine haihitaji intaneti, jambo ambalo kwa bei za vifurushi lina maana kubwa. Asikimbilie lugha tano. Kompyuta mpya asinunuliwe sasa. Asubiri afike chuoni aone kinachohitajika, maana maabara zipo, na kuna wanafunzi wengi wanaomaliza ambao huuza zao kwa bei nafuu.

Jambo la wasichana nalo niliseme, kwa kuwa kaka zangu hapo juu hawakuligusa. Darasani mtakuwa wachache. Kwenye kazi za vikundi kuna mtindo wa kumpa msichana kuandika ripoti na kutengeneza vielelezo vya kuwasilisha huku wavulana wakiandika programu. Akubali ripoti mara moja, lakini mara ya pili adai sehemu ya programu, kwa sababu usailini hakuna atakayemuuliza kuhusu ripoti.

---

Isevya_Mkufunzi:

Binti wa Mwandiga amejibu vizuri, nami sina la kuongeza hapo.

Kuhusu akili mnemba, Mwalimu, hofu yako ni ya haki na sitaibeza. Zana hizo zinaandika programu fupi kwa haraka, na kazi za kuandika kurasa rahisi kwa kunakili kunakili zitapungua. Lakini rudi Kibirizi: zana hiyo ingemwandikia binti daftari la madeni kwa dakika chache, na uwezekano ni mkubwa kwamba ingetambulisha wateja kwa majina, kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba wapo wawili wenye jina moja. Mtu wa kuligundua kosa, kulieleza, na kuthibitisha kwamba marekebisho hayajavunja mahali pengine bado anahitajika, na huyo ni mtu mwenye misingi. Hili linanifanya nizidi kuegemea shahada zenye hisabati na algorithimu nyingi, na nipunguze imani kwa zile zinazofundisha zaidi matumizi ya zana za msimu huu.

Kwa majibu uliyoleta, mpangilio wangu ungekuwa huu. Sayansi ya Kompyuta iwe ya kwanza, katika chuo ambacho orodha yake ya masomo ina uchambuzi na usanifu wa mifumo pamoja na mradi mrefu wa mwaka wa mwisho, maana mtoto huyu ameshaonja kuuliza watumiaji na asilipoteze hilo. Uhandisi wa Programu uwe wa pili. Unatolewa Chuo Kikuu cha Dodoma katika CIVE, ndaki yake ya masomo ya kompyuta, na kwa mtu wa Kigoma Dodoma si mbali kama Dar es Salaam, kwani ipo njiani kwenye reli ile ile ya kati. Ila muangalie muda wake katika mwongozo kabla hamjaamua, kwa sababu ya hoja ya gharama. TEHAMA na Menejimenti, ambayo Mzumbe wanayo, iwe ya tatu. Uhandisi wa Kompyuta uondoeni kabisa, kwa kuwa mwenyewe amesema saketi hataki, na si vema kujaza nafasi kwa shahada ambayo hataisoma kwa moyo.

Kuhusu sifa, msiwe na wasiwasi. Kiwango cha chini cha kitaifa ni alama mbili za ufaulu mkuu zenye jumla ya pointi 4.0. B ina pointi 4 na C ina pointi 3, hivyo Hisabati na Fizikia pekee zinampa 7. Hata hivyo shahada hizi hugombewa, na chuo huchukua wenye pointi za juu kwanza, ndiyo sababu ninasema aombe zaidi ya chuo kimoja. Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo, kila kimoja na ada yake ya maombi. Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, atatakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa namba maalumu atakayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliopangwa na TCU. Namba ya simu atakayojaza iwe yake mwenyewe na iwe hewani wakati wote. Maombi ya mkopo ni ya Bodi ya Mikopo, yana dirisha lake, na hayasubiri majibu ya chuo. Vyeti vya kuzaliwa na fomu zinazohitaji mihuri vianze kushughulikiwa wiki hii.

---

MamaMwanga_Kigoma:

Nimeelewa, mkufunzi. Tumepata orodha za masomo za vyuo viwili, na jioni hii tunakaa nazo mezani, mjomba wake akiwemo. Cheti cha kuzaliwa kipo. Kesho ninakwenda kuulizia utaratibu wa kukihakiki. Tukikutana na somo tusilolielewa katika orodha za mwaka wa pili nitaliandika hapa kama lilivyo, mtueleze lina nini ndani yake.